Nani Abebe Maji ya Samaki?

Anayefuga samaki ndani ya nyumba analazimika kuwabadilishia maji. Kazi hiyo ni nzito na inajirudia kila wiki, kwa hiyo karibu kila mfugaji wa samaki wa mapambo hutafuta njia ya kuirahisisha. Katika insha hii nauliza kama kila njia ya kurahisisha kazi ni njema. Je, tunawezaje kutofautisha kati ya kuupunguza mzigo na kumtwika mtu mwingine?

Wenzangu wa darasani waliposikia mada niliyochagua, walicheka. Mmoja aliniambia kwamba mtu aliyetoka Pundanhar ana mambo mazito zaidi ya kuandika kuliko samaki wa kwenye kioo. Nakubali kwamba mambo mazito yapo. Lakini mada hii nimeichagua kwa sababu natoka huko, na nitajaribu kueleza uhusiano uliopo.

Pundanhar iko katika wilaya ya Palma, jimbo la Cabo Delgado, kaskazini kabisa mwa Msumbiji. Iko bara kidogo kutoka baharini, upande wa kusini wa Mto Ruvuma. Huko Kimakwe, Kimakonde na Kiswahili husikika katika soko moja, na mara nyingi katika nyumba moja. Nililelewa na bibi yangu mzaa mama, na katika maisha yale maji yalikuwa kitu cha kubebwa. Mtu aliamka, akachukua ndoo na ngata, akaenda. Sasa nasoma Dar es Salaam na nakaa kwa mjomba wangu, ambaye sebuleni ana tangi la samaki la lita 200. Kwa hiyo nimeishi mahali ambapo maji hubebwa ili watu waishi, na mahali ambapo maji hubebwa ili samaki waishi. Tofauti hiyo ndiyo iliyonifanya nianze kufikiri.

Nianze na kazi yenyewe, kwa sababu asiyefuga samaki anaweza kudhani ni usafi wa kupendeza macho tu. Samaki hutoa uchafu ndani ya maji yale yale anamopumulia. Uchafu huo, pamoja na mabaki ya chakula, hutoa amonia, ambayo ni sumu kwake. Katika tangi lililokomaa, bakteria wanaoishi kwenye changarawe na kwenye kichujio huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati. Nitrati ina madhara madogo zaidi, ila haiondoki. Hujikusanya wiki baada ya wiki. Kichujio hakiwezi kuimaliza, na mimea ya majini hupunguza sehemu tu. Maji yakipungua kwa kukauka, kinachopaa ni maji peke yake, na chumvi na nitrati hubaki. Ndiyo maana kuongezea maji si sawa na kubadilisha maji. Lazima ya zamani yatoke ndipo mapya yaingie, na wafugaji wengi huondoa kama robo ya tangi kila wiki.

Robo ya lita 200 ni lita 50. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kutoa lita 50 na kurudisha lita 50 ni kubeba kilo 100, tena kwa kuinama, kunyanyua, kutembea bila kumwaga, na kumimina polepole ili samaki wasishtuke. Maji ya bomba nayo yana klorini, kwa hiyo hayamiminwi moja kwa moja. Huachwa wazi kwenye pipa kwa siku nzima ili klorini ipae, na kama yametiwa kloramini, ambayo haipai kirahisi, huhitaji dawa ya kuiondoa. Kwa mwaka kazi hii ni zaidi ya tani tano za maji yanayopita mikononi mwa mtu mmoja, kwa ajili ya samaki kumi na tano ambao hakuna anayetarajia kuwala.

Bibi yangu alistaajabia jambo hilo la kutoliwa kuliko lolote jingine. Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia mnamo Oktoba 2017 viliwafikia watu wa Pundanhar pia, na wengi walihama. Bibi naye alihama, na sasa anakaa na shangazi yangu mjini Palma, mji ambao wenyewe ulishambuliwa Machi 2021. Nilimpigia simu na, katika kumweleza maisha ya Dar es Salaam, nikamsimulia habari za tangi. Akauliza, "Na hao samaki mtawala lini?" Nikamwambia hawaliwi, wanatazamwa. Akanyamaza kidogo. Nilitarajia aseme ni upotevu wa maji. Badala yake akauliza, "Mjukuu wangu, na maji yao nani anabeba?"

Nilikosa jibu la haraka, kwa sababu jibu la kweli lilikuwa kwamba anayebeba ni dada wa kazi. Samaki ni wa mjomba. Yeye ndiye aliyewanunua, anayewalisha jioni, anayewaeleza wageni tabia za kila mmoja. Lakini kila Jumamosi asubuhi dada alitoa maji kwa jagi na ndoo, akayapeleka uani, kisha akarudi na ndoo nyingine kutoka kwenye pipa. Siku moja mjomba aliwaambia wageni wake, bila nia yoyote mbaya, "Siku hizi kazi ya tangi imekuwa rahisi sana." Na kwake ilikuwa rahisi kweli.

Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa kawaida methali hii hutumika kumlaumu asiye na huruma. Mimi naiona pia kama maelezo ya namna akili inavyofanya kazi. Mzigo ulio juu ya kichwa cha mwingine hauonekani mzito, na kwa kuwa hauonekani mzito, hakuna anayekaa kufikiri namna ya kuupunguza. Mpira wa bustani ulikuwepo nyumbani siku zote. Mjomba ni mtu mwerevu, hutengeneza mwenyewe taa na vitasa. Hata hivyo, hakuwahi kuutazama ule mpira na kuona kwamba unaweza kutoa maji kwenye tangi bila ndoo hata moja. Hakuwa na sababu ya kuona.

Kisha dada alisafiri kwenda kwao Newala kwenye msiba na akakaa majuma matatu. Jumamosi ya kwanza mjomba alibeba maji mwenyewe. Jumamosi ya pili mpira ulikuwa umekatwa kwa kipimo, na pampu ndogo ya kuzamisha imeshanunuliwa.

Kutokana na kisa hiki napendekeza kwamba kuna aina tatu za kurahisisha kazi, na kwamba kosa letu ni kuziita zote kwa jina moja.

Aina ya kwanza ni kurahisisha kwa kutelekeza. Mfugaji anaona kubadilisha maji kunachosha, anaacha, anaongezea tu yaliyokauka. Maji hubaki maangavu, samaki huogelea, na kwa muda inaonekana hakuna aliyeumia. Lakini nitrati inapanda taratibu, na wale samaki wa zamani wanaizoea taratibu, wakidhoofika. Mfugaji hugundua siku anapomtia samaki mpya kwenye tangi na kumkuta amekufa asubuhi. Katika aina hii mzigo uko pale pale, ila umewekwa juu ya mwili wa samaki, ambaye hawezi kulalamika.

Aina ya pili ni kurahisisha kwa kuhamisha, na nimeshaieleza. Aristotle, katika kitabu chake kuhusu siasa, aliwaza kwamba kama vyombo vya kufumia nguo vingefuma vyenyewe, mabwana wasingehitaji watumwa. Mara nyingi wazo hilo husomwa kama ndoto ya mashine. Ukilisoma kutoka upande wetu, utaona limekiri jambo jingine: mahali ambapo mtumwa yupo, bwana hana haraka ya kutafuta chombo kinachofuma chenyewe. Pwani yetu inaijua historia hiyo. Kilwa na Ibo zilikuwa vituo vya biashara ya watumwa, na raha nyingi za nyumba za mawe zilibebwa na watu ambao majina yao hayakuandikwa.

Aina ya tatu ni kurahisisha kwa kufikiri. Ukijaza mpira maji, ukauziba kwa kidole, ukatumbukiza ncha moja ndani ya tangi na kuishusha nyingine hadi chini kuliko uso wa maji ya tangi, kisha ukaachia, maji yatatoka yenyewe. Uzito uliokuwa ukiumiza mgongo sasa ndio unaofanya kazi. Fundi wa gari anayenyonya petroli kwa mpira anaijua kanuni hiyo. Ncha ya nje ikielekezwa kwenye tuta la mchicha au matembele, nitrati iliyokuwa uchafu inakuwa mbolea. Kuingiza maji mapya, pampu ndogo ndani ya pipa inatosha. Asiye na pampu anaweza kubadilisha lita saba kila siku, karibu lita 50 kwa wiki, bila kunyanyua ndoo nzito hata mara moja. Na aliye mwangalifu zaidi huanza mapema kuliko hapo: anafuga samaki wachache, anapanda mimea, analiweka tangi karibu na mlango wa uani na si katika kona ya mbali. Katika mifano hii yote mzigo umepungua kweli. Ukifuata njia ya maji kuanzia tangi hadi bustani, hukuti shingo ya mtu yeyote iliyoongezewa uzito.

Kuna neno la Kiswahili linalonisaidia kuishika tofauti hii. Ule mpira wa kutolea maji tunaweza kuuita mrija. Katika siasa ya Ujamaa, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, neno mrija lilitumika Tanzania kumaanisha njia ya unyonyaji, na wananchi walihimizwa kukata mirija. Mrija wa tangi na mrija wa mnyonyaji hufanya kazi inayofanana: vyote huvuta kutoka mahali fulani na kumpa mtu raha mahali pengine. Kwa hiyo kila ninapoambiwa kazi fulani imerahisishwa, nauliza kuhusu ile ncha ya upande wa pili. Inavuta nini, na kutoka kwa nani?

Hapa yanakuja mapingamizi, na ningependa kuyajibu mawili.

Pingamizi la kwanza linasema kwamba dada wa kazi analipwa. Kama mtu amekubali kazi kwa ujira, kubeba maji kuna ubaya gani? Naafiki kwamba kumlipa mtu kwa kazi si unyonyaji kwa kila hali. Kuna wanaouza maji kwa mkokoteni Dar es Salaam na wanajivunia kazi yao. Mnamo Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua maji na jiji likaingia kwenye mgao, hao ndio waliotuokoa. Lakini ujira peke yake haujibu swali. Lazima tuulize kama kazi hiyo ilikuwa ndani ya makubaliano, na kama njia nyepesi iliyokuwepo iliachwa kwa sababu tu mbebaji hakuwa na sauti ya kuidai. Dada aliporudi kutoka Newala akauona mpira ukitiririsha maji uani, alisema maneno matatu tu: "Kumbe ilikuwa inawezekana." Nadhani hakuna hoja yoyote katika insha hii iliyo na nguvu kuliko maneno hayo. Mshahara wake ulikuwa umelipwa kila mwezi, na bado alikuwa na haki ya kuyasema.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi kwangu. Linasema ugumu ni sehemu ya upendo. Anayemtunza kiumbe kwa jasho lake humjua, na anayetumia pampu na mpira humsahau. Kuna ukweli ndani yake. Aliyetia mkono ndani ya maji huona samaki aliyekunja mapezi, konokono waliozidi, jani linalooza. Hata kisimani Pundanhar, njia ya kwenda kuchota maji ilikuwa pia mahali pa habari, pa urafiki, pa wasichana kusema wasiyoweza kusema nyumbani. Lakini sijawahi kumsikia mwanamke aliyebeba ndoo ya lita 20 miaka arobaini akiusifu uzito wake. Wanaousifu ni wale wanaomtazama akipita. Wanachotetea wapinzani hawa ni umakini, na umakini hauhitaji kilo 100. Mjomba sasa hukaa kwenye kigoda mbele ya tangi mpira unapotiririka, kwa kuwa asipousimamia utamwaga tangi zima. Hana la kufanya ila kutazama. Anawafahamu samaki wake kuliko zamani, alipokuwa akiona maji masafi tu bila kujua yamefikaje. Basi tupunguze uzito, tubakize kutazama. Mashine inayotuondolea na kutazama pia imetupeleka mbali mno, kwani hiyo inarudi kwenye kutelekeza kwa jina jingine.

Kwa nini basi kazi hii ni ya mwenye samaki na si ya mwingine? Jibu nimelipata kwa kuwafikiria samaki wa upande wetu. Katika madimbwi ya msimu ya ukanda wa pwani ya Afrika Mashariki wanaishi samaki wadogo wenye rangi kali wa jenasi ya Nothobranchius. Mmoja wao, Nothobranchius guentheri, ni wa Unguja. Mwingine, Nothobranchius hengstleri, anatoka kaskazini mashariki mwa Msumbiji na alielezwa kisayansi mwaka 2007. Mvua ikinyesha, dimbwi hujaa na mayai yaliyozikwa kwenye tope huanguliwa. Samaki hukua haraka, hutaga, na dimbwi linapokauka hufa wote. Mayai hubaki kwenye tope kavu yakingoja mvua nyingine. Wafugaji wa Ulaya na Marekani wanawapenda sana, hadi mayai yao hutumwa kwa posta ndani ya mboji yenye unyevu. Kule dimbwini hakuna mtu aliyewahi kuwabadilishia maji. Mvua na kiangazi ndivyo vinavyofanya kazi hiyo, kama Ruvuma unavyowafanyia samaki wake kwa kutiririka. Wajibu wa kubadilisha maji haukuwepo duniani mpaka mtu alipoweka kioo. Madrasa tulifundishwa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha atoke ajitafutie. Kosa lilianzia kwenye kufungia. Anayekifungia kiumbe huichukua juu yake ile kazi ambayo mto au mvua ingeifanya. Anaweza kuifanya kwa akili badala ya kwa mgongo. Anaweza pia kumlipa mtu amsaidie, kwa makubaliano ya wazi. Ila hawezi kuikana, wala kuisukumia kwa aliye chini yake na kuiita rahisi.

Linabaki lile neno la mwenzangu darasani, kwamba kuna aibu kuzungumza juu ya maji ya samaki wakati watu wa kwetu wanahangaika kwa maji ya kunywa. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mmoja anahitaji kati ya lita 50 na 100 kwa siku kwa mahitaji ya msingi. Lita 50 za tangi kwa wiki ni mahitaji ya mtu mmoja kwa siku moja. Kwa kipimo cha lita, samaki hawamnyimi mtu maji. Aibu iko kwingine: kwamba akili iliyoleta mpira sebuleni baada ya Jumamosi moja tu ya maumivu ya mgongo haikuletwa, kwa miaka na miaka, kwa shingo za mama zetu. Si kwamba haiwezekani. Pampu ya mkono ya Afridev, inayoonekana katika vijiji vingi vya Msumbiji, ilibuniwa miaka ya 1980 kwa majaribio yaliyofanyika Malawi na Kwale, Kenya. Waliounda pampu ile walijiuliza pia nani ataitengeneza ikiharibika, wakaifanya iwe nyepesi kufunguliwa kwa zana chache, ili kijiji chenyewe, wakiwemo wanawake wanaoitumia, kiweze kubadilisha vipuri vyake. Huo ndio urahisishaji ninaoutetea. Ulianza kwa kumtazama anayebeba, ukamtafutia njia, na haukuacha nyuma mzigo mpya usio na mwenyewe.

Kwa hiyo sioni sababu ya kumwambia mfugaji yeyote amwage samaki wake, wala aendelee kuumia mgongo ili athibitishe upendo. Atafute mpira, atafute pampu, apunguze samaki. Kabla ya kusema kazi imekuwa rahisi, awaulize wote wanaoigusa, kuanzia anayejaza pipa hadi anayefuta sakafu iliyolowa, kama nao wanaiona hivyo. Sisi tunaosoma tutapewa kesho ofisi, miradi na bajeti za kurahisisha kazi za watu. Wengi wetu hatutabeba ndoo tena. Hapo ndipo itakuwa rahisi kwetu kusahau swali la bibi, na ndiyo maana nimeliandika hapa.